Mama alishukia Kisongo

Wiki hii mmeuliza kama Arusha inahitaji viwanja viwili vya ndege: KIA, yaani kiwanja cha kimataifa cha Kilimanjaro kilicho kati ya Arusha na Moshi, na Kisongo, kile kidogo cha magharibi mwa mji. Nilipolisoma swali nilisema palepale: hapana, kimoja kinatosha, na kiwe KIA. Kipo tangu 1971, njia yake ya kurukia inazidi kilomita 3.5, wakati ya Kisongo haifiki hata 2. Ila kinachonikera hasa ni ile barabara ya kati ya viwanja hivyo.

Mwaka 2016 mama alikuja kutoka Unguja, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Tiketi iliandikwa "Arusha" tu, na wakala aliyenikatia akaniambia nikampokee KIA. Saa nane mchana nimesimama pale, abiria wanatoka, wanaisha, mama hayumo. Nampigia, simu imezimwa. Mlinzi akaitazama tiketi, akasema, "Kaka, huyu kashukia Kisongo."

Kutoka KIA hadi Kisongo ni kama kilomita 55. Lakini ilikuwa Jumamosi, siku ya soko Tengeru, na barabara ya Sakina–Tengeru ndiyo inapanuliwa. Maji ya Chai vibao vya mwendo wa 50, Usa River trafiki katusimamisha, Tengeru tukaganda nyuma ya fuso la ndizi, mkungu mmoja unaning'inia na kugonga bodi kila fuso likisogea. Baipasi ilikuwa bado, ikabidi tukate mji mzima, Mbauda, Majengo, ndipo Kisongo. Njiani tulitumia saa mbili na dakika kumi. Kila nikipiga, imezimwa.

Nilimkuta kwenye benchi, viatu kavivua, miguu iko juu ya begi, kanga kaizungushia mabegani kwa baridi. Ndani ya ndege aliambiwa azime simu. Hakuna aliyemwambia aiwashe. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akasema: "Mwanangu, nimehesabu ndege tano zikiondoka. Ya sita ningewaomba wanirudishe."

Sasa naandika haya na msimamo wangu unalegea. Kwangu ni Majengo, dakika 15 tu kutoka Kisongo. Ile ndege ilimleta mama karibu kabisa na nyumbani. Kisongo kikifungwa, mzee kama yeye atashushwa KIA, kisha alipe teksi ya kuvuka mji mzima. Kilichotutesa ni tiketi isiyotaja kiwanja.

Kwa hiyo viwili vibaki, mradi kila tiketi iandikwe KIA au Kisongo, na mama yeyote aisome mwenyewe. Siku hizi, kwa baipasi ya Usa River, siku njema ni mwendo wa saa moja na robo. Lakini anayeshuka Kisongo na ndege ndogo kutoka Serengeti huku ana ndege ya usiku KIA, bado namsihi ajiwekee nafasi ya saa tatu. Na ikiwa ni Jumatano au Jumamosi, siku za soko, dereva asimpitishe Tengeru.