Mweka Hazina Akijiuzulu Wiki Mbili Baada ya Uchaguzi

Kura zimehesabiwa, soda zimenyweka, picha imepigwa. Wiki mbili baadaye mweka hazina mpya anaandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba amepata kazi Lamu na hataweza. Kikao kinaitwa haraka baada ya Isha, na neno la kwanza ni lile lile katika kila chama cha mtaa hapa Mombasa, Majengo hadi Likoni: "Si tumpe yule aliyekuwa wa pili?"

Msikimbilie huko. Tuseme wanachama 60 walipiga kura: mshindi 34, wa pili 19, wa tatu 7. Watu 41 hawakumtaka huyo wa pili, na hakuna ajuaye zile 34 zingekwenda wapi lau mshindi hangegombea. Wa pili huingia moja kwa moja pale tu katiba ya chama inaposema hivyo. Kama haisemi, naye agombee upya kama wengine.

Kabla ya kutafuta mtu, hakikisheni nafasi iko wazi kweli. Ujumbe wa WhatsApp si barua ya kujiuzulu. Takeni karatasi yenye tarehe na saini, ipelekwe kwa katibu, naye aandike siku aliyoipokea. (Katibu akiwa ndiye anayeondoka, barua iende kwa mwenyekiti.) Bila hiyo, mtu hurudi baada ya mwezi akisema alikuwa na hasira tu, na hapo mna waweka hazina wawili.

Aliyekataa ushindi palepale, mkutano haujafungwa, ni rahisi zaidi. Wanachama wapo, akidi (idadi ya chini ya wanachama inayotakiwa) ipo, masanduku yapo. Pigeni kura ya nafasi hiyo upya kabla watu hawajakimbilia feri.

Sasa fungueni katiba. Nyingine huipa kamati uwezo wa kuteua mtu hadi mkutano mkuu ujao, nyingine hadi mwisho wa muhula, nyingine huwaachia wanachama wenyewe. Ikiwa kimya, nendeni kwa wanachama, kwa sababu uwezo wa kuchagua ni wao na hawajaukabidhi kwa kamati. Mwenyekiti anaweza kumwomba mtu ashike daftari kwa muda, ila huyo ni kaimu: asipewe saini ya benki.

Mikutano ya namna hii huvunjwa zaidi na hesabu ya siku kuliko na ugomvi. Katiba ikitaka ilani ya siku 14 kamili, siku ya kutuma haihesabiwi wala siku ya mkutano. Ilani ikitoka tarehe 1, mkutano hauwezi kuwa kabla ya tarehe 16. Itaje nafasi yenyewe: "uchaguzi wa mweka hazina". Ukiandika "mengineyo", aliyeshindwa atasema hakujua, na atakuwa na haki. Akidi nayo ihesabiwe kwa majina kwenye daftari la mahudhurio wakati wa kupiga kura, si wakati wa dua ya kufungua. Watu huondoka.

Kuna jambo linalosahauliwa karibu kila mara: huyu mpya atakaa muda gani? Muhula ukiwa miaka 3 na miezi 5 imeshapita, kwa kawaida anamalizia 31 iliyobaki, haanzi 36 yake. Na je, kipande hicho kinahesabiwa kama muhula mzima kwenye kikomo cha mihula miwili? Katiba isiposema, amueni na muandike kwenye kumbukumbu kabla ya kura. Baada ya kura kila jibu litaonekana limeshonewa mtu fulani.

Chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama ya Kenya, Sura ya 108, kina siku 14 tangu uchaguzi kumalizika kumjulisha Msajili wa Vyama kwa fomu yake, ikiwa na saini za maafisa watatu. Vikundi vilivyo chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022 vipeleke mabadiliko kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii. Msajili akiwa bado na majina ya zamani, mzozo ukizuka ni hayo atakayoanza nayo.

Benki huwa ngumu kuliko serikali. Kwa kawaida itataka kumbukumbu za mkutano zilizosainiwa, orodha ya waliohudhuria, barua ya kumtoa wa zamani na kumwingiza mpya, pamoja na kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi) na picha zake. Kumbukumbu zisiandikwe "tulikubaliana abadilishwe". Ziseme nani anatoka, nani anaingia, majina yawe kama yalivyo kwenye vitambulisho, na sharti la saini libaki lipi, kwa mfano wawili kati ya watatu. Herufi moja ikipishana, mnarudishwa.

Makabidhiano yafanyike siku moja, mbele ya mashahidi wawili: salio la benki la siku hiyo, fedha taslimu zilizohesabiwa mezani, kitabu cha risiti na namba ya risiti ya mwisho, hundi ambazo hazijatumika, mhuri. Pande zote zisaini nakala mbili. Na ulizeni mapema laini ya M-Pesa ya michango imesajiliwa kwa jina la nani. Ikiwa ni ya mtu binafsi, toeni fedha zote kabla hajapanda basi la Lamu, kisha watangazieni wanachama namba mpya siku hiyo hiyo, kwa sababu kuna watakaoendelea kutuma kwenye ile ya zamani kwa miezi.