Biblia ya kwenye kishikwambi: barua kwa mwanangu Neema

Mwanangu Neema,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako nimeupata. Nimefurahi sana kusikia wamekupa zamu ya kufundisha jumuiya hapo Kimara. Umeniuliza kwenye hicho kishikwambi kipya uweke programu ipi ya kujifunzia Biblia: YouVersion, AndBible au Logos. Mimi nakushauri uanze na YouVersion, uongeze AndBible ukishazoea, na Logos uiache kwanza.

YouVersion ilitolewa mwaka 2008 na kanisa la Life.Church la Marekani. Ni ya bure na haina matangazo. Ndani yake utakuta tafsiri ya Kiswahili ya Union Version, ile ya mwaka 1952 ambayo wazee wa jumuiya wanakuja nayo kwapani, na utakuta Biblia Habari Njema, ya Kiswahili chepesi. Kwangu hilo ndilo la kwanza. Mwalimu akisoma maneno yasiyofanana na yaliyo mikononi mwa watu, muda wote unaishia kuulizana, "Mwalimu, uko mstari wa ngapi?" Fundisha kwa Union. Mstari ukiwa mgumu, uguse, chagua kulinganisha, kisha wasomee na Habari Njema.

Ukitafuta "Biblia ya Kiswahili" zitakuja nyingi ambazo hazitaji hata ni tafsiri ipi. Hizo zipite. Na programu yoyote ikiomba kuona majina uliyohifadhi kwenye simu, ikatalie. Kusoma Zaburi hakuhitaji namba ya shangazi yako.

Sasa AndBible, maana hapa ndipo kujifunza kwenyewe kulipo. Nayo ni ya bure, haina matangazo, na ukishapakua vitabu inafanya kazi bila bando. Inagawa kioo madirisha mawili, na kishikwambi kina nafasi ya kutosha kwa hilo kuliko simu. Ijaribu hivi: dirisha moja fungua Mathayo 4, Yesu akijaribiwa nyikani. Majibu yake yote matatu yametoka Kumbukumbu la Torati: la kwanza sura ya 8 mstari wa 3, mengine mawili sura ya 6, mstari wa 16 na wa 13. Fungua Torati dirisha la pili, na usiishie kwenye mstari ulionukuliwa. Soma sura ya 8 yote. Utawaona Israeli jangwani miaka arobaini, njaa, na mana. Ukirudi kwa Mathayo, zile siku arobaini za Yesu zitakusemesha kwa namna nyingine kabisa. Halafu angalia Shetani naye alinukuu wapi: Zaburi 91, mstari wa 11 na 12. Hapo mwanangu una somo zima la jumuiya, na hujafungua kitabu cha mtu yeyote.

Ila kabla ya kupakua angalia orodha yake vizuri. Biblia ya Kiswahili ikiwa ni Agano Jipya peke yake, dirisha la Torati weka ya Kiingereza. Humo pia ipo Biblia ya Kiingereza ya King James yenye namba za Strong, zilizotoka kwenye itifaki (orodha ya maneno ya Biblia na mistari yanamopatikana) ya James Strong ya mwaka 1890. Ukigusa neno unapelekwa kwenye Kiebrania au Kigiriki chake. Fafanuzi za Biblia za watu kama Matthew Henry zipo pia. Nakuomba sana usizifungue kabla hujasoma sura yenyewe mara mbili. Ukianza na mfafanuzi, utaona alichokiona yeye tu.

Logos ni maktaba kubwa na nzuri, lakini sehemu kubwa ni Kiingereza na vitabu vingi vinauzwa kwa dola. Siku ukienda chuo cha theolojia tutaizungumza.

Pakulia ofisini kwenye wifi, usimalize bando lako. Kisha zima data, zima kishikwambi, kiwashe tena, ufungue Malaki. Ikifunguka, hata umeme ukikatika katikati ya kipindi na mtandao ukazingua, wewe utaendelea. Chaji tu kishikwambi kabla hujatoka nyumbani. Na Biblia yako ya karatasi nenda nayo; mgeni akija mikono mitupu, mpe asome.

Nitumie maswali utakayowauliza wanajumuiya kabla ya siku ya somo, niyasome na mama yako.

Baba yako