Jibu: Mashine pepe inakataa kuwaka, "Permission denied"

Ndugu, umesema mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa ndani ya kompyuta) inagoma kuwaka kwa "Permission denied", yaani ruhusa imekataliwa, nawe ukalipa faili la diski yake chmod 777, amri inayompa kila mtu ruhusa zote. Zirudishe ruhusa zilivyokuwa. Haisaidii, na inamwachia kila mtumiaji wa kompyuta hiyo mlango wazi.

Shida yako haiko kwenye faili, iko kwenye folda zilizo juu yake. Libvirt, programu inayosimamia mashine pepe, kwa kawaida haiendeshi QEMU (programu inayoziendesha zenyewe) kwa jina lako. Kwenye Debian na Ubuntu hutumia mtumiaji libvirt-qemu, kwenye Fedora ni qemu. Faili umeliweka ndani ya /home, na huyo hana ruhusa ya kupita hapo. Hakikisha kwanza kwa amri hii, inayoonyesha ruhusa za kila folda njiani:

namei -l /home/jina/vm/diski.qcow2

Folda yoyote isiyo na x (ruhusa ya kupita) kwa wengine ndiyo inayomzuia. Mpe njia yeye peke yake (kwenye Fedora andika qemu badala ya libvirt-qemu):

sudo setfacl -m u:libvirt-qemu:x /home/jina

Rudia kwa kila folda iliyofungwa. Ila mimi ningelihamishia faili /var/lib/libvirt/images, ndipo mahali pake hasa. Ukiwa Fedora, ukishahamisha endesha sudo restorecon -Rv kwenye folda hiyo, amri inayorekebisha lebo, maana mv (amri ya kuhamisha) hubeba lebo ya zamani ya SELinux, mfumo wa ulinzi wa Linux, na kosa linaweza kurudi. Tafadhali usiizime SELinux.

Ikigoma bado, tuletee matokeo ya namei.