Acheni kumlinganisha na wenzake wa vitani

"Mbona fulani walikuwa naye hukohuko Uganda, na kila jioni yupo barazani anacheza bao?" Suali hili nimelisikia miaka mingi kuhusu ami yangu, aliyepigana vita vya Kagera vya 1978–79 akarudi na kiwewe, yaani maradhi ya khofu na kushtuka yanayobaki baada ya vita. Huulizwa kwa kusuta: ama imani yake ndogo, ama ana shetani, ama anajidekeza. Kama kwenu yumo askari wa namna hii, awe mzee wa Kagera au kijana aliyerudi kutoka kulinda amani Kongo, kwanza liacheni hilo suali.

Jawabu lake lipo, tena si la kumuaibisha mtu. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya zaidi ya jozi 4,000 za mapacha wanaume waliotumikia jeshi enzi za vita vya Vietnam. Waliwapambanisha mapacha wa kufanana, ambao vinasaba vyao ni vimoja, na wasiofanana. Hata walipozingatia nani aliona mapigano makali zaidi, karibu thuluthi ya tofauti za dalili za kiwewe ilitokana na urithi. Thuluthi, si yote. Watu wawili hulala handaki moja, wakasikia mzinga mmoja, na kila mmoja akarudi na lake.

Na homoni je? Ungedhani mtu anayeshtuka hovyo mwili wake umejaa kotisoli, homoni inayotoka wakati wa shida. Miaka ya 1980 mkojo wa askari wa Vietnam wenye kiwewe ulipopimwa, ilionekana kinyume: kotisoli ndogo, noradrenalini nyingi. Si tafiti zote zilizokubaliana, lakini maelezo yake yananiingia akilini: noradrenalini hukutimua, kotisoli ndiyo breki. Kuna pia kinasaba kiitwacho FKBP5, kinachohusika na namna seli zinavyoipokea kotisoli. Utafiti wa 2008 ulikuta aina fulani za kinasaba hicho zinaambatana na dalili kali zaidi kwa watu walioteswa utotoni. Kwa wasioteswa, athari hiyo haikuonekana. Kwa hivyo watoto wa ami wasikae roho juu wakidhani wamesharithi maradhi. Na asikudanganyeni mtu kuwa kipo kipimo cha damu cha kuyatambua. Daktari huuliza, akasikiliza.

Tuje nyumbani. Kwetu Pemba nazi ikidondoka juu ya bati usiku, ami huwa keshafika mlangoni kabla hajaamka sawasawa, jasho linamtoka, mkono uko kwenye komeo. Zamani mkewe akimshika bega kumtuliza, akipigwa kikumbo na mtu asiyejua anampiga nani. Siku hizi husimama mbali, akawasha taa, akamwambia, "Mume wangu, uko nyumbani. Nazi hiyo." Fataki za mkesha wa Mapinduzi tunamwambia mapema, maana linalomtesa zaidi ni lile la ghafla. Lakini msimfungie ndani. Akizidi kukimbia kila kitu, khofu nayo inazidi kunenepa.

Kusomewa Kurani kunamtuliza, na sioni ubaya. Nisichokubali ni ngoma ya kupunga usiku kucha kwa mtu ambaye ngoma zenyewe zinamrusha roho.

Kuna jirani alituletea diazepamu, eti apate kulala. Miongozo ya matibabu ya askari wa zamani wa Marekani inashauri isitumiwe kwa maradhi haya: inazoesha, na kiwewe inakiacha palepale. (Anayeitumia tayari asiikate ghafla, amuone daktari.) Yenye ushahidi ni tiba ya mazungumzo, inayomrudisha mtu kidogo kidogo kwenye yale anayoyakimbia, na dawa kama setralini, kwa kuandikiwa.

Wengi wanaona haya hata kuitaja Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili ya Unguja. Basi anzeni kwa daktari wa kawaida, ila mwambieni wazi kuwa huyu alikuwa vitani. Ami alitibiwa presha na tumbo miaka, hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi 1979, na mwenyewe hakusema. Aende na mtu anayemuona usiku, maana yeye akiulizwa habari za usingizi atajibu, "Alhamdulillahi, nalala vizuri."