Pita barabara nyeupe: baiskeli kwenye vilima vya Bourgogne

Mara ya kwanza kutoka Mâcon, mji wa Bourgogne huku mashariki ya Ufaransa, kwa baiskeli nilikuwa njiani kama saa moja na nusu, na karibu muda wote huo nilikuwa nimeuma meno. Programu ya simu ilinichagulia barabara ya D906 kwa kuwa ndiyo iliyonyooka. Haikuniambia kwamba barabara hiyo zamani iliitwa N6, njia kuu ya kutoka Paris kushuka kusini, na kwamba malori hayajaiacha. Kila lori lililopita lilinivuta kwanza, kisha upepo wake ukanisukuma pembeni. Nilipofika Tournus niliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa abasia, makao ya zamani ya watawa, nikakaa chini kungoja mikono iache kutetemeka.

Jioni ile mzee mwenye nyumba niliyolala alitandika ramani ya karatasi mezani, akaibana ncha kwa vikombe. Akapitisha kidole. "Barabara nyekundu ni za magari," akasema. "Za njano ni za wenye haraka. Wewe, mwanangu, pita nyeupe."

Ni miaka sita sasa tangu usiku huo. Naishi Lyon, na mwishoni mwa wiki hali ya hewa ikiruhusu napanda treni ya mkoa, TER, nashuka Mâcon au Chalon na kupotelea vilimani. Ndugu na marafiki wa Brussels na Geneva wameniuliza mara nyingi wapi pa kuendesha kwa utulivu, na jibu langu huanza na maneno ya yule mzee, kwa sababu mpaka leo sijapata bora.

Nunua ramani ya karatasi ya Michelin ya kipimo cha 1:150,000, ambayo sentimita moja ni kilomita moja na nusu. Simu ibaki mfukoni kwa dharura. Kwenye ramani hiyo barabara ndogo kabisa zimeachwa nyeupe, na zenye mandhari nzuri zimepakwa mstari wa kijani ubavuni. Utaona pia alama ndogo kama vichwa vya mishale. Kimoja maana yake mwinuko wa asilimia 5 hadi 9, viwili 9 hadi 13, vitatu zaidi ya 13. Mshale huelekeza upande wa kupanda, kwa hiyo ukitazama vizuri usiku unaweza kugeuza safari nzima, mlima mkali ukawa mteremko wako wa kesho. Mimi hufanya hivyo kila mara, na magoti yangu yananishukuru.

Jihadhari na namba. Watu husema namba ya D yenye tarakimu tatu ni barabara ndogo, na mara nyingi ni kweli. Lakini namba nyingi zinazoanza na 9 ni barabara za taifa za zamani zilizokabidhiwa département, sehemu ndogo za mkoa ambazo ndizo ile D, kama hiyo D906 iliyonitesa, na D980 na D981 zinazopita Cluny. N79, inayokata kutoka Mâcon kwenda magharibi, hata kuivuka tafuta daraja au njia ya chini.

Kwa nini nyeupe ziko tupu, na bado zina lami safi? Ufaransa ina wilaya ndogo, wanaziita commune, zaidi ya 34,000, na kila moja inatunza barabara zake mpaka mlangoni kwa mkulima wa mwisho. Vijiji vimepungukiwa watu miaka mingi, lakini barabara zimebaki. Ndiyo maana unaweza kukaa dakika arobaini bila kusikia injini, kisha ukapitwa na trekta moja ambalo dereva wake anakupungia mkono.

Halafu kuna jambo ambalo halimo kwenye ramani yoyote: saa sita mchana. Kengele ya kanisa ikilia, nchi nzima inakaa mezani. Kuanzia hapo hadi saa nane hata barabara za njano zinatulia. Watalii wengi nao husimama kula muda huo huo, na mimi nawasihi msisimame. Kula saa tano, mkate na jibini kando ya njia, halafu tumia saa hizo mbili kwa kipande kile cha barabara kinachokutia wasiwasi. Nimevuka D980 saa saba mchana nikasikia ndege wakiimba. Na kama ni Jumatano ya kwanza ya mwezi ukasikia king'ora adhuhuri, usiruke. Wanakijaribu tu.

Kwa anayeanza, au mwenye watoto, aanze na njia ya kijani, wenyewe huiita voie verte. Ile ya kutoka Givry hadi Cluny, kilomita 44, ilifunguliwa 1997 juu ya reli iliyoachwa, na ndiyo ya kwanza ya aina hiyo Ufaransa. Treni hazipendi milima, kwa hiyo njia imelala tambarare katikati ya mizabibu, na unapita stesheni za zamani Buxy, Saint-Gengoux na Cormatin. Kusini ya Cluny, kuelekea Mâcon, kuna handaki la Bois Clair, kilomita 1.6. Ingia na koti hata mwezi wa saba, maana ubaridi wa mle unashika mifupa. Miezi ya baridi hufungwa kwa ajili ya popo wanaolala humo, na hapo itakubidi upande kilima.

Lakini sikuandika haya kwa ajili ya njia ya kijani. Ni nzuri, ila Jumapili ya mwezi wa tano imejaa familia na mbwa. Utulivu ninaoupenda uko magharibi yake, kwenye Charolais na Brionnais, nchi ya malisho na nyua za vichaka, ambako wanafuga ng'ombe wakubwa wa rangi ya malai.

Asubuhi moja karibu na Matour nilisimama kuvua koti. Ukungu ulikuwa bado umekaa bondeni. Ng'ombe mmoja aliinua kichwa, jani likining'inia mdomoni, akaja taratibu hadi kwenye waya. Mwingine akamfuata, kisha wote, mpaka nikawa natazamwa na majike ishirini na ndama wao. Nilisikia pumzi zao, na mvuke ukawatoka puani. Nilipokanyaga pedali, wakaanza kukimbia nami upande wa pili wa waya, kwato zikitikisa ardhi hadi nikaisikia kwenye usukani, mpaka ua ukawakatisha. Nilikuwa peke yangu barabarani, nimejawa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu nikiwa mtoto, nikishuka na Phoenix ya baba kutoka kisimani.

Vilima hivi visidharauliwe. Hakuna mlima mkubwa, lakini unapanda mita mia, unashuka, unapanda tena, na siku ya kilomita 70 inaweza kukupandisha mita elfu moja. Baiskeli ya gia ngumu itakuchosha kabla ya saa sita. Nyuma weka gia yenye meno 34 kama fundi wako anayo, na tairi la upana wa milimita 32 au 35, kwa sababu barabara nyeupe huwa na changarawe kwenye kona. Mzigo uwe kwenye mabegi ya keria, usiwe mgongoni. Chukua tyubu mbili na pampu, maana fundi wa baiskeli vijijini hayupo.

Maji wengi hawajui pa kuyapata. Nenda makaburini. Najua kwetu mtu hachoti maji ya kunywa mahali hapo, na mara ya kwanza moyo wangu ulikataa. Lakini karibu kila kijiji kina bomba pale kwa ajili ya maua, na kwa kawaida maji ni ya bomba la kijiji. Ukiona kibao cha "eau non potable", usinywe. Pasipo kibao, nami huwa naingia kimya, najaza chupa, nafunga lango nyuma yangu. Siku moja bibi mmoja aliyekuwa akimwagilia kaburi la mumewe aliniuliza natokea wapi. Nikamwambia Tanzania. Akatazama baiskeli, akatazama kilima nyuma yangu, akaniuliza: "Yote hiyo, kwa pedali?"

Alinisemesha kwa sababu nilitangulia kusema "Bonjour, madame". Sisi tuliolelewa kutoingia kwa mtu bila hodi tunalielewa hili haraka. Dukani, kwa mwokaji, kwa mkulima mlangoni pake, salamu kwanza, shida baadaye. Ukianza na shida watakujibu kwa baridi, na utadhani ni kwa sababu ya rangi yako, kumbe umeruka salamu.

Chakula kipangie. Jumapili mchana maduka hufungwa, na Jumatatu mwokaji mara nyingi amepumzika. Beba akiba ya mlo mmoja daima. Miezi mizuri ni wa tano, wa sita na wa tisa. Mwezi wa sita jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo huna haja ya kukimbizana. Kuanzia vuli ni msimu wa wawindaji, na Jumapili hizo mimi huvaa fulana ya kung'aa hata mchana kweupe. Usiku nje ya mji fulana hiyo ni lazima kisheria, na vipokea sauti masikioni vimepigwa marufuku kwa mwendesha baiskeli tangu 2015. Gari linalokupita nje ya mji linatakiwa likuachie mita moja na nusu, na kwenye nyeupe wengi hukuachia zaidi.

Kama una siku tatu, fanya hivi. Lala Cluny. Siku ya kwanza elekea Matour kwa nyeupe tupu, kisha La Clayette. Siku ya pili nenda Semur-en-Brionnais, alikozaliwa mwaka 1024 Hugues aliyekuja kuwa abati, yaani mkuu wa watawa, wa Cluny, halafu Anzy-le-Duc. Hapo simama chini ya mnara wa kanisa wenye pembe nane, mawe yake ya manjano yanaiva jua likishuka. Lala Paray-le-Monial. Asubuhi ya tatu ingia njia ya ukingo wa Canal du Centre uelekee Chalon. Miguu itakuwa imechoka, na mfereji hauna kilima hata kimoja cha kukudai. Treni za jioni kurudi Lyon zipo. Fika stesheni mapema ili baiskeli yako ipate ndoano ya kuning'inia kabla behewa halijajaa.