Doa jeusi chini ya wayo: jibu kwa aliyeuliza kuhusu mama yake

Ndugu yangu, umeuliza kama mama yako aliye Langoni, hapa Lamu, apelekwe hospitali kwa sababu ya doa jeusi lililo chini ya wayo, ilhali halimuumi na majirani wanasema saratani ya ngozi ni maradhi ya Wazungu. Nakuomba umpeleke wiki hii. Nami niliambiwa maneno hayo hayo, nikayaamini, nikakawia miezi minane.

Mimi ni mvuvi wa Mkomani, na miiba ya baharini imenichoma mara zisizo na hesabu. Doa lilipotokea karibu na kisigino, nilidhani ni ncha ya mwiba iliyosalia ndani. Natia udhu mara tano kwa siku, na kila mara mkono ulilipitia bila jicho kulitazama. Aliyeliona ni mke wangu, siku nilipojilaza barazani: lilitoshana na punje ya mbaazi, upande mmoja mweusi tii, upande wa pili rangi ya kahawia, na ukingo wake ukiingia na kutoka kama ufuo.

Zahanati ya kwanza nilipewa mafuta ya fangasi. Ya pili nilipewa barua ya kwenda Mombasa, nikavuka kwa boti hadi Mokowe na kupanda basi. Huko nilidungwa ganzi, doa likakatwa lote na kupelekwa maabara. Jibu lilikuwa melanoma, yaani saratani ya chembe zinazoipa ngozi rangi yake, lakini kina chake hakikufika milimita moja, kwa hiyo niliongezewa kukatwa ngozi ya pembeni tu. Huu ni mwaka wa nne narudi kukaguliwa, na sijaona jingine.

Ni kweli kwamba weusi wa ngozi hutukinga sana na jua, na ndiyo maana maradhi haya ni nadra kwetu. Lakini melanoma ya nyayoni, viganjani na chini ya kucha haisababishwi hasa na jua, nayo ndiyo inayotupata zaidi sisi watu weusi. Bob Marley alikutwa nayo chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977, baada ya kudhaniwa kuwa ni jeraha la mpira, akafariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36. (Kwa ndugu zetu wenye ualbino mambo ni tofauti: kwao jua ndilo adui mkubwa, na kidonda cha usoni, sikioni au mdomoni kisichopona kwa mwezi mzima kisingojewe.)

Mkifika, mwombe daktari akague nyayo zote mbili, katikati ya vidole na kucha, na mumweleze doa lilianza lini na limekua kiasi gani. Msikubali likwanguliwe wala kuchomwa kabla ya kipande chake kupimwa maabara, maana likishaharibiwa hakuna kitakachosomeka. Na mama akiogopa safari ya Mombasa, niandikie. Nitashuka Langoni nimwonyeshe kovu langu.