Buran ya Kazakhstan: baridi utaizoea, upepo ndio wa kuuogopa

Mdogo wangu uliyepata skolashipu ya Astana, hongera. Umeuliza kama hiyo "buran" inayotajwa na wenyeji wako ni theluji tu iliyopewa jina la kutisha, na ununue koti gani kabla hujaondoka Dar. Mimi nilisoma Karaganda, kama kilomita 200 kusini mwa Astana, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Theluji inaweza kushuka usiku kucha, asubuhi ukaenda zako darasani vizuri tu. Buran ni upepo. Ni upepo mkali unaoizoa theluji iliyokwisha lala chini na kukimbia nayo nyikani. Wakazaki husema boran. Warusi wakalichukua neno hilo kutoka lugha za Kituruki, hadi wakakipa jina hilo chombo chao cha anga kilichoruka bila mtu ndani kutoka Baikonur, humohumo Kazakhstan, Novemba 1988.

Kaskazini mwa nchi ile sehemu kubwa ni nyika tupu, huoni mlima wala msitu wa kuukata upepo. Baridi ikiwa nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri, theluji hukauka ikawa punje ndogo zisizoshikana, kama unga wa sembe. Upepo ukija, wote unanyanyuka. Inapenya kwenye zipu, inaingia kwenye mikono ya koti, kope zinagandana. Na usidhani lazima kuwe na mawingu: kuna buran ya chinichini ambayo ukiinua macho unaona anga la buluu na jua linawaka, ukitazama mbele huioni hata boneti ya gari ulilopanda.

Kuhusu baridi yenyewe, nyuzi 20 chini ya sifuri pasipo upepo utaizoea mapema kuliko unavyofikiri. Ongeza upepo wa mita 15 kwa sekunde, mwili unaipokea kama nyuzi 36 chini ya sifuri. Shavu au sikio lililo wazi linaweza kuganda ndani ya nusu saa, na halikupi taarifa, kwa sababu linakuwa limeshakufa ganzi.

Lakini wengi wanaopotea kwenye buran huponzwa na miguu yao. Mtu anashuka kwenye gari akiamini kijiji kipo pale mbele, anapiga hatua chache, akigeuka gari halipo. Ndiyo maana wafugaji wa nyikani walikuwa wakifunga kamba kutoka mlango wa nyumba hadi zizini, wakienda kulisha mifugo huku wameishika.

Siku hizi barabara kuu hufungwa kwa geti kabla hali haijachafuka sana. Ukikuta geti limeshushwa, usitafute njia ya panya, hata kama kuna dereva wa teksi anayekuapia kwamba anaijua. Basi letu la kwenda Astana liliwahi kukamatwa na upepo katikati ya njia. Dereva, mzee wa Kikazaki tuliyemwita aga, alikataa katakata mtu yeyote kushuka. Kila baada ya muda alikuwa akitoka na beleshi kufukua ekzosi, maana ikizibwa na theluji huku injini inaunguruma, moshi unarudi ndani na mnalala moja kwa moja. Hata injini hakuiacha ikiwaka mfululizo. Aliiwasha tupate joto, akaizima kutunza mafuta, na dirisha moja likabaki wazi upenyo wa kidole. Kijana mmoja alianza kulalamika, aga akamtazama tu, kijana akanyamaza. Ukisafiri kule wakati wa baridi beba chakula, maji, blanketi, na simu uiweke ndani ya nguo karibu na mwili. Mfuko wa nje wa koti unaua betri.

Wanaoiogopa zaidi ni wafugaji, na hapa Mmasai angeelewana nao haraka. Farasi wa Kikazaki hupekua theluji kwa kwato mpaka akafikia nyasi, kondoo wanakuja nyuma yake kula palipofukuliwa. Sasa theluji ikiyeyuka kidogo halafu ikaganda tena, juu panakuwa na gamba la barafu ambalo hata kwato hazilivunji. Balaa hilo wanaliita jut. Hapo mifugo hufa kwa njaa nyasi zikiwa chini ya miguu yao, na buran ikipiga juu ya hapo ukoo mzima unafilisika. Wana msemo kwamba jut ina ndugu saba, yaani haiji peke yake.

Wewe mjini hutafika huko. Hosteli zina joto, mara nyingi mpaka utatamani kufungua dirisha. Zingatia tu matangazo ya asubuhi: kuna siku watoto wa shule huambiwa wabaki nyumbani kwa kuangalia baridi pamoja na kasi ya upepo. Wanachuo mara nyingi huenda.

Koti usinunue Dar. Njoo na sweta nzito na jaketi la kukufikisha kutoka uwanja wa ndege, mengine nunua sokoni kulekule pamoja na wanafunzi wenyeji. Tafuta koti refu linalopita magoti, lenye kofia ya kufunika paji la uso na kitambaa cha nje kisichopitisha upepo. Unene peke yake haukusaidii. Viatu chukua namba moja juu ya yako, soksi ya sufu ipate nafasi.